Vanishi haiokoi daraja la treni ya bustanini

"Paka vanishi mikono mitatu, daraja halitaoza." Hii ndiyo kauli inayorudi kila mara daraja la miguu ya mbao, la treni ndogo ya mfano inayopita bustanini, linapoletwa kufanyiwa matengenezo. Juu nguzo zinang'aa. Chini ukizibonyeza kwa kucha, kucha inazama.

Daraja huozea miguuni. Kuvu ya mbao huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20, na maji hupenya kwa urahisi zaidi pale nguzo ilipokatwa, nyuzi zikiwa wazi. Ukiizika kwenye udongo, unaifanya inywe maji mchana na usiku. Vanishi nayo hupasuka kwa jua, maji yakaingia, kisha ikayazuia yasikauke.

Tengeneza msingi basi! Chimba sentimita 10, jaza kokoto, shindilia, laza tofali la zege na ulisawazishe kwa pimamaji. Boriti ya chini ya kila fremu (nguzo zilizoungwa pamoja kubeba daraja) ikae juu ya tofali, imeinuliwa milimita 3 kwa vipande vya plastiki ili hewa ipite. Kabla ya kuunga, simamisha ncha za nguzo kwenye dawa ya mbao usiku kucha. Brashi haifikishi dawa ndani. Vanishi iache dukani.

"Mwerezi hauozi." Kiini chake ndicho hustahimili. Ile mbao nyeupe ya pembeni huoza upesi, ikatae unaponunua.

"Gundi inatosha." Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa mvua. Tumia isiyoyeyuka majini, pamoja na misumari isiyoshika kutu. Msumari wa kawaida kwenye mwerezi huacha madoa meusi.

"Reli ikazwe kotekote." Reli ya brasi ya mita 3 hurefuka zaidi ya milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 40. Ikikosa pa kwenda, hupinda. Ishike katikati ya daraja tu, ncha ziteleze.

"Kwenye kona boriti za kubeba reli zipindwe." Hazipindwi hata kwenye madaraja makubwa: boriti nyoofu huenda kutoka fremu hadi fremu, na kila fremu hukabili kitovu cha kona. Kwa skeli ya 1:24, fremu zikae kila sentimita 19, sawa na futi 15 za daraja halisi; nguzo milimita 12. Kabla ya kupigilia uzio, pitisha behewa refu kuliko yote: tumbo lake huingia ndani ya kona, pembe zake hutoka nje.