Je, kwa nini sikukuu za Desemba huchosha akili hata Nairobi, ambako hakuna majira ya baridi kali?

Kila Desemba husambaa maelezo kwamba unyonge wa msimu wa sikukuu huletwa na giza. Kwa nchi za kaskazini maelezo hayo yana msingi: siku fupi kabisa ya Desemba mjini London haifikishi saa 8 za mchana, na sonona ya majira hayo imejulikana kitabibu tangu daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake walipoieleza mwaka 1984. Nairobi, hata hivyo, iko digrii 1 hivi kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, na mwezi wake wa baridi na mawingu ni Julai. Ushauri wa kuketi mbele ya taa maalumu asubuhi, ingawa huwafaa wengi kule, haumgusi mkazi wa mtaa wa Kayole, Nairobi, anayekosa usingizi mwezi wa jua kali.

Kinachomkosesha usingizi ni kotisoli. Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni hiyo, ambayo hupandisha sukari katika damu na kuahirisha kazi za mwili zinazoweza kungoja. Ni kama mlinzi wa mtaa anayepiga kipenga usiku: mwizi akiwa wa kweli, watu hutoka, humfukuza, kisha hurudi kulala. Lakini mlinzi akipiga kipenga kila usiku kwa sababu ya mwizi anayemtarajia Januari, mtaa mzima hukesha, na kesho yake hakuna awezaye kufanya kazi. Nauli iliyopanda ghafla katika stendi ya mabasi ya Machakos jijini Nairobi, karo ya muhula wa kwanza na swali la shangazi kuhusu ndoa vyote hukipuliza kipenga hicho, ingawa hakuna hata kimoja kinachoweza kukimbiwa kwa miguu.

Ushahidi wa kupendeza kuhusu jambo hili ulitoka hapa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 1978, mwanasayansi Mmarekani Robert Sapolsky alichunguza damu ya nyani wa Maasai Mara. Nyani hao hupata chakula chao kwa saa chache, na muda unaobaki huutumia kusumbuana. Katika makundi yenye madaraja thabiti, madume wa daraja la chini ndio waliokuwa na kotisoli nyingi zaidi, jambo linalofanana mno na siku kumi za mapumziko nyumbani kwa wazazi, pale ndugu wanapopimana kwa magari na vyeo. Madume waliozoea kuketi na wenzao na kupekuana manyoya walikuwa na kotisoli kidogo. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba urafiki ndio ulioishusha, na binadamu si nyani. Hata hivyo, tafiti za watu nazo huuhusisha ukaribu wa kijamii na afya bora ya akili.

Kwa hiyo ni busara kutenga karo kabla ya safari, kukubaliana mapema na jamaa kuhusu michango, na kuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye bila kupimwa. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki 2, inafaa kumwona mhudumu wa afya. Mawazo ya kujidhuru hayangoji hata siku moja.