Kubadilishana kete si njia ya mkato ya sare

Jumamosi iliyopita hapa Kampala, kijana wa Bombo ninayemfundisha sataranji alipangiwa mpinzani aliyemzidi pointi 400 za kiwango: yeye 1600, mwenzake 2000. Kwa jedwali la FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kwenye pengo hilo mwenye nguvu hutarajiwa kuvuna kama alama 92 katika kila michezo 100. Kijana wangu hukokotolewa kwa K, yaani kizidishio cha kupandisha na kushusha pointi, ya 20, kwa hiyo sare peke yake ingempandisha pointi 8.4. Aliitaka mno sare hiyo.

Basi akabadilishana kila kilichobadilishika. Malkia walitoka mapema, wakafuata farasi, kisha ngome. Wachezaji wengi wanaamini ubao ukibaki mtupu hatari imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza. Kete zikiwa nyingi, hata bingwa huteleza, maana njia ni nyingi na saa haimsubiri. Zikipungua, yanabaki maarifa matupu, na hayo ndiyo mwenye 2000 anayokuzidi.

Hata hivyo alijitahidi, tena sana, mpaka zikabaki kete tatu. Mfalme mweupe e5 (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo), askari wake e4 nyuma yake, mfalme mweusi wa kijana wangu e8, na zamu ni yake. Ipo hatua moja tu inayookoa: e7. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja katikati yao, na mweupe ndiye analazimika kusogea. Akienda d5, unamfuata d7. Akienda f5, unakwenda f7. Askari akisukumwa hadi e6 mfalme wake akiwa d5, unarudi e8, wima mbele ya askari, na sare ni yako.

Saa ilikuwa imebakiza dakika mbili. Akamshika mfalme, akasita, akamweka d7. Mweupe akaingia f6 papo hapo, bila hata kukaa kufikiri. Njia ya askari ikafunguka, mchezo ukaisha.

“Kocha, si nilikuwa karibu naye tu?” akaniuliza nje, karatasi ya hatua bado mkononi.

Alikuwa karibu, lakini pembeni. Mfalme wa d7 hamtazami mwenzake, anamwachia upande mzima wa f. Tulizipanga tena zile kete tatu palepale kwenye benchi, mimi nikashika nyeupe. Mara ya nne alipeleka mkono e7 kabla sijamaliza kubonyeza saa.