Saikosisi: ubongo unapokipa kila kitu maana

Saikosisi ni hali ya mtu kupoteza mpaka kati ya yaliyopo na yaliyozuliwa na akili yake. Anasikia sauti wasizozisikia wengine, au anashikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoitikisa. Si jina la ugonjwa mmoja. Huja na skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, huja na mfadhaiko mkali, na dawa za kulevya pia huweza kuileta.

Mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza saikosisi ndani ya ubongo haishii kuuliza mgonjwa anaamini nini. Anataka kujua imani hiyo ilizaliwaje, na mara nyingi swali hilo humfikisha kwenye dopamini.

Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz, akichunguza nyani, alionyesha kwamba seli zinazotoa dopamini huchangamka zawadi inapokuja bila kutarajiwa. Ni kama mtu anayekugusa bega na kukwambia: tazama hapa, hili lina maana. Mwaka 2003 daktari wa magonjwa ya akili Shitij Kapur alipendekeza kwamba katika saikosisi mguso huo huja ovyo. Gari lililoegeshwa, kikohozi cha mpita njia, namba mlangoni, vyote ghafla vinakuwa na uzito. Mtu hajui kwa nini, na kutojua huko kunatisha. Basi anatafuta maelezo, kama sisi sote tungefanya: lazima kuna watu wananifuatilia. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kemikali inaleta uzito, lakini hadithi mtu anaitunga kutokana na maisha yake, hofu zake na zama zake.

Dawa za kutibu saikosisi ndizo zilizofungua njia hii. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, kabla hata ya kujulikana inafanyaje kazi; baadaye ikabainika kuwa inaziba vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Hata hivyo dopamini haimalizi habari yote. Ketamini, dawa ya nusukaputi inayogusa zaidi mfumo wa glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, nayo huweza kuzusha dalili zinazofanana na saikosisi kwa mtu mwenye afya njema, na wapo wagonjwa wasiopata nafuu kwa dawa za kawaida.

Dawa ikifanya kazi, mguso ule hutulia, ila imani haing'oki siku hiyo hiyo. Wagonjwa wengine husema wazo bado lipo, lakini haliwasumbui tena kama mwanzo.