Poli Timișoara ziko ngapi? Acheni kuzijumlisha

Nimetumiwa tena lile jedwali. Safari hii limetoka kwa mtangazaji ninayemheshimu, anaandaa kipindi cha klabu za Ulaya Mashariki, na ameandika bila wasiwasi wowote: Politehnica Timișoara, ilianzishwa 1921, ikafilisika 2011, ikarudi Liga I, yaani daraja la juu la Romania, mwaka 2013. Mstari mmoja tu, na umebeba karibu kila kosa ninalolisahihisha kila msimu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa kila kosa ipo tovuti ya kulitetea.

Kazi yangu ni takwimu za soka. Nani alicheza, lini, wapi, na matokeo yaingie kwenye faili la nani. Hilo swali la mwisho watu wanalidharau, kumbe ndilo linalokula muda wangu wote. Kwa Romania, Timișoara ndiyo inayonisumbua kuliko mji mwingine wowote.

Yasiyo na ubishi nayapitia mbiombio. Chuo cha Politehnica kilifunguliwa Timișoara, magharibi ya Romania, mwaka 1920. Rekta wake wa kwanza, mwanahisabati Traian Lalescu, akaanzisha timu mwaka uliofuata. Timu ya wanafunzi wa uhandisi, Poli kwa kifupi, jezi nyeupe na zambarau. Kombe la Romania imebeba mara mbili, 1958 na 1980. Ubingwa wa ligi haijawahi kuupata, na tafadhali msiniletee vikombe vya Ripensia, klabu nyingine ya mji huohuo, hilo nitalirudia. Ulaya ndiko ilikojijengea jina. Mwaka 1980 iliitoa Celtic kwenye Kombe la Washindi: ikafungwa 2–1 Glasgow, ikashinda 1–0 nyumbani, ikapita kwa goli la ugenini, ambalo enzi hizo lilivunja sare ya jumla. Raundi iliyofuata West Ham wakaipiga 4–0 London, nayo nyumbani ikashinda 1–0 wakati safari imeshaharibika. Mwaka 1990 iliitupa nje Atlético Madrid kwenye Kombe la UEFA, halafu ikaenda Lisbon kula saba bila kwa Sporting. Marudiano? Ikashinda 2–0. Ndivyo Poli ilivyo. 1992, sare ya 1–1 nyumbani na Real Madrid, kisha 4–0 huko Madrid. Hadi hapo faili ni moja, klabu ni moja, usingizi ninaupata.

Shida inaanzia 2002.

Klabu ya zamani, wakati huo ikiwa chini ya Mwitaliano Claudio Zambon, ilikuwa imeporomoka kwenye madaraja ya chini na imegombana na karibu kila mtu mjini. Huko Bucharest kulikuwa na timu inaitwa AEK, mali ya Anton Dobos, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa. AEK ilikuwa imepanda daraja la juu lakini haina mashabiki wa maana. Timișoara ina mashabiki wengi na haina timu daraja la juu. Wakakutana. AEK ikahamishwa na nafasi yake ya ligi, ikabadilishwa jina ikawa Politehnica AEK Timișoara, ikavalishwa zambarau, na uwanja wa Dan Păltinișanu ukajaa. Baadaye ikaingia mikononi mwa Marian Iancu, mfanyabiashara wa mafuta, na pesa ikaanza kuonekana.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo kila mtu anaporuka. Kisheria, timu iliyokuwa ikishangiliwa pale uwanjani haikuwa Poli ya 1921. Ilikuwa ni AEK. Ni kama mtu aliyehamia kwenye kiwanja cha jirani aliyesafiri, akapaka nyumba rangi ileile na kutundika getini kibao chenye jina la jirani. Mtaa mzima unampenda, watoto wanamwita babu, lakini hati bado iko mfukoni mwa yule msafiri. Zambon alikuwa na hati. Akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Lausanne, na mwaka 2006 ikaamuliwa kwamba timu ya Iancu iache jina, iache rangi, na iache kujihesabia mafanikio ya zamani. Yale makombe mawili, Celtic, Atlético: si yako, weka chini.

Klabu ikaanza kuandikwa FC Timișoara, kwa kuburuzwa. Utekelezaji ulikuwa wa kusuasua kiasi kwamba msimu wa 2008–09 FIFA ikaamuru ikatwe pointi 6. CAS hiyohiyo ikazirudisha mwaka 2009, na timu ikamaliza ya pili nyuma ya Unirea Urziceni, timu ya kamji kadogo ambako nako kuna hadithi yake.

Kiangazi kile cha 2009 ndicho kinachoninyima raha hadi leo. Kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, Timișoara wakapangiwa Shakhtar Donetsk, waliokuwa wametoka kubeba Kombe la UEFA mwezi Mei. Wakaenda Ukraine wakatoka 2–2. Nyumbani, Costel Pantilimon golini, kipa mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, 0–0. Shakhtar nje kwa magoli ya ugenini. Baadaye Stuttgart wakawasimamisha, 2–0 jumla, sawa, lakini kumtoa bingwa wa Kombe la UEFA si jambo dogo kwa timu ya mkoani. Matokeo hayo yaingie faili la nani? Kwa hukumu ya CAS, hayaingii faili la 1921. Yanaingia kwenye faili la klabu iliyotokea Bucharest. Ukienda kumwambia mtu aliyekuwa jukwaani usiku ule kwamba alikuwa anaishangilia AEK ya Bucharest, chunga meno yako.

Mimi nimeyaweka kwenye faili la AEK. Sina raha nayo. Nimeyaweka pale kwa sababu mtu wa takwimu asiposhika kanuni moja atashika hisia zake, na hisia zangu hazina tofauti na za mlevi wa jukwaani. Ila msidhani kanuni yenyewe ni safi. Kwa kanuni hiyohiyo, "Poli halisi" ya miaka ile ilikuwa karatasi ya Zambon, klabu yenye historia yote na isiyo na mtu wa kuiimbia wimbo. Vitabu vya takwimu vinaandika mwendelezo wa klabu kana kwamba ni jambo la maabara. Si kweli. Tunachagua, halafu tunajifanya hatukuchagua.

Twende 2011, kwenye neno "ilifilisika". Hapana! Msimu wa 2010–11 timu ilimaliza ya pili, nyuma ya Oțelul Galați. Ilitakiwa kwenda tena kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Ikanyimwa leseni ya Liga I, na nafasi yake Ulaya wakapewa Vaslui. Kunyimwa leseni siyo kufilisika, na siyo kushuka daraja kwa maana ya uwanjani. Leseni ni ya mwaka mmoja, inaombwa kila mwaka, na ina vigezo vya kimichezo, miundombinu, watumishi, sheria na fedha. Kigezo cha fedha kinachoua wengi hakiulizi kama una madeni. Kila klabu ina madeni. Kinauliza kama una deni lililopitiliza muda wake: mshahara wa mchezaji, ada ya uhamisho kwa klabu nyingine, kodi. Kwa kanuni za UEFA za wakati ule, deni lililotokana na mambo ya mwaka uliopita linatakiwa liwe limelipwa, au limewekewa makubaliano ya maandishi, au liko kwenye mgogoro wa kweli mbele ya chombo husika, kabla ya Machi 31. Ukiwa na tajiri anayeahidi kulipa Juni, umechelewa. Tajiri anaweza kuwa na mabilioni na leseni ukaikosa kwa sababu karatasi moja yenye sahihi ya mchezaji haikuletwa. Klabu inaweza kunyimwa leseni leo na kesho asubuhi ikafanya mazoezi kama kawaida, na ndivyo ilivyokuwa: Timișoara ilicheza Liga II, ikapata nafasi ya kupanda 2012, ikanyimwa leseni kwa mara ya pili mfululizo. Hapo ndipo ikafa. 2012, siyo 2011, na kilichokufa ni ile iliyotokea Bucharest.

Halafu mji ukafanya kitu ambacho nilipokisoma nilidhani ni utani. Ukarudia lilelile la 2002. Jirani na Timișoara kuna Recaș, mji mdogo unaojulikana kwa mvinyo, uliokuwa na timu Liga II. Kwa msaada wa halmashauri ya jiji, ACS Recaș ikahamishiwa Timișoara na kuitwa ACS Poli Timișoara. Hii ndiyo iliyopanda Liga I mwaka 2013. Siyo Poli ya 1921, siyo ya Shakhtar. Ni Recaș. Ikashuka, ikapanda tena, ikacheza fainali ya Kombe la Ligi 2017 na kufungwa na Dinamo, ikashuka mpaka Liga III, na mwaka 2021 ikavunjwa.

Safari hii mashabiki walikataa. Kupitia chama chao, Druckeria, wakaanzisha klabu yao, ASU Politehnica, wakaanzia daraja la tano, kwenye viwanja vya vijijini. Kwa hiyo ukawa na hali hii: ACS daraja la juu, kwenye uwanja wenye nafasi zaidi ya 30,000, majukwaa yamepwaya, na wanaojua nyimbo wote wako pembeni ya kiwanja cha kijiji wamesimama kwenye nyasi, wanaiimbia timu ya daraja la tano kana kwamba Madrid wamekuja. ASU ikapanda ngazi moja moja hadi Liga II, na msimu wa 2018–19 zikakutana zote mbili huko, na Ripensia ya tatu ikiwa kwenye daraja hilohilo. Mji mmoja, timu tatu daraja la pili, hakuna hata moja daraja la kwanza. Mwaka 2021 ASU ikaungana na chuo, ikawa SSU Politehnica.

Watu wengi wanapofika hapa wanapumua: basi, Poli ya kweli ni ile ya mashabiki. Ningependa. Lakini kuna swali ambalo wapenzi wa zambarau hawalifurahii. Mwaka 2002 ilihamishwa timu ngeni, ikapewa jina la Poli, wakaipokea na kuipenda kwa miaka 10. Mwaka 2012 ilihamishwa timu ngeni, ikapewa jina la Poli, wakaiita feki kuanzia siku ya kwanza. Utaratibu ni uleule, rangi zilezile. Kama mashabiki ndio kipimo, basi kipimo hiki kilitoa majibu mawili kwa jambo moja. Mimi nadhani tofauti ni kwamba 2002 walikuwa na njaa na 2012 walikuwa wamechoka kuamuliwa mambo na watu wa ofisini. Hiyo ni sababu nzuri sana ya kibinadamu, ila haiingii kwenye jedwali.

Kwa hiyo mimi ninaandika hivi, na mtangazaji wangu naomba anakili: faili la kwanza, Politehnica ya 1921, makombe mawili. La pili, AEK/FC Timișoara, 2002 hadi 2012, nafasi ya pili mara mbili, na Shakhtar. La tatu, ACS iliyotokea Recaș, 2012 hadi 2021. La nne, ASU/SSU, kuanzia 2012, na hapa nimeweka nyota yenye maelezo kwamba chuo kilichoanzisha klabu ya faili la kwanza sasa kiko na hii ya nne. Nyota hiyo nimeiondoa na kuirudisha mara nyingi, na huenda nikaiondoa tena.

Na Ripensia: ilianzishwa 1928, klabu ya kwanza ya kulipwa Romania, bingwa 1933, 1935, 1936 na 1938. Zambarau hawana hata kikombe kimoja kati ya hivyo vinne. Atakayenitumia jedwali lenye "Timișoara: ubingwa 4" bila kusema ni wa nani, simjibu.