Ufagio wa kalingi hauko pale kuzoa uchafu

Hapa Kisumu, klipu ya kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, ikipita kwenye simu, husemwa kwamba wale wawili wenye fagio wanalisafishia jiwe njia. Si hivyo hasa. Unywele mmoja kweli huweza kulipotosha jiwe, lakini kazi kubwa ya ufagio ni kutia joto.

Kabla ya mchezo, barafu hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda na kuacha vipele vidogo, mfano wa ganda la chungwa. Jiwe, lenye uzito usiozidi kilo 19.96, lina tumbo lililobonyea, kwa hiyo hugusa vipele hivyo kwa utepe mwembamba wa mviringo tu. Kusugua hupasha vipele joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linafika mbali zaidi na kupinda kwake kunapungua. Ndiyo maana mfagiaji huulalia mpini kwa uzito wa mwili. Mkono mwepesi hausaidii kitu. Na ufagio ukiligusa jiwe katikati ya uwanja, jiwe hilo huondolewa.

Kwenye mechi za kufuzu za vijana wa chini ya miaka 21, jambo hili ni zito. Kabla ya mechi kila timu hurusha mawe mawili kulenga kitovu cha duara lililochorwa upande wa mwisho wa uwanja, umbali ukapimwa kwa sentimita. Lisilofika duarani huandikiwa 199.6. Timu zikilingana kwa ushindi, wastani wa vipimo hivyo unaweza kuamua nani asonge mbele. Mawe hayo nayo hufagiwa, na mfagiaji akichelewa kidogo tu, sentimita zinaongezeka.