Chanjo ya peptidi: maswali na majibu

Peptidi ya chanjo ni nini?
Ni mnyororo mfupi wa amino asidi (vijenzi vya protini), kwa kawaida 10 hadi 30, unaoundwa maabara bila kufuga kimelea. Huiga sehemu ya kimelea ambayo kingamwili hushika. Kwa malaria, inayojulikana zaidi ni NANP (asparajini, alanini, asparajini, prolini), inayojirudia kwenye ganda la sporozoiti, yaani kimelea anayeingizwa na mbu.

Mbona ikichomwa peke yake haileti kinga?
Ni ndogo na huvunjwa upesi. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, huitambua, lakini bila seli T saidizi, zinazozichochea, hazitoi kingamwili nyingi wala zenye kushika vizuri. Basi hubebeshwa na protini kubwa (mbebaji), kwa mfano sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, kisha huongezwa kichochezi cha kinga kama chumvi ya alumini.

Inaunganishwaje na mbebaji?
Huongezwa sisteini moja (amino asidi yenye salfa) kwenye ncha iliyo mbali na sehemu ya kushikwa. Salfa yake hunasa maleimidi, kemikali ya kuunganishia iliyopachikwa kwenye mbebaji, pH ikiwa 6.5 hadi 7.5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sisteini zikikaa hewani hushikana zenyewe kwa zenyewe na mbebaji hubaki mtupu, kwa hiyo peptidi iyeyushwe dakika za mwisho, katika bafa (kimiminika kinachotuliza pH) iliyotolewa oksijeni. Ukitumia glutaraldehaidi, kiunganishi kingine, itakamata lisini, amino asidi nyingine. Kama lisini iko katikati ya sehemu unayoitaka, umeifunika mwenyewe.

ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani ya maabara) inaonyesha kingamwili tele. Tumefaulu?
Bado. Huenda zinamshika mbebaji tu: ipake sahani ya kipimo peptidi iliyo kwenye mbebaji mwingine. Tena kingamwili inaweza kushika peptidi iliyolegea na isiitambue protini iliyojikunja kwenye kimelea hai. Pima kwa sporozoiti wazima chini ya hadubini ya mng'ao. Tungeamini slaidi hiyo kuliko namba kubwa ya ELISA.

Imewahi kujaribiwa Tanzania?
Ndiyo: SPf66, chanjo ya peptidi ya malaria ya mtafiti Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, kwa watoto wa miaka 1 hadi 5 kijijini Idete, Kilombero. Matokeo ya 1994 yalionyesha malaria ikipungua kwa asilimia 31. Majaribio ya baadaye Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga ya maana, ikaachwa. RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021, ina NANP ileile, ila imepandikizwa kwenye protini ya kirusi cha homa ya ini B inayojipanga kuwa chembechembe, nayo hutengenezwa na hamira, si kwa kemia.