Ukijikwaa kidole, kwa nini maumivu huja mara mbili?

Umeme wa neva ni sawa na ule wa kwenye waya?

Hapana. Kwenye waya, elektroni husogea kuufuata urefu wa waya. Kwenye neva zinazosogea ni ioni, yaani chembe zenye chaji za sodiamu na potasiamu, nazo hazisafiri kutoka mguuni hadi kichwani. Zinavuka utando wa seli tu, basi.

Chaji yenyewe inatoka wapi?

Utando una pampu zinazofanya kazi usiku na mchana: kila mzunguko zinatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Potasiamu nyingi huvuja tena kwenda nje, na uvujaji huo ndio hasa unaoacha ndani pakiwa hasi, kama milivolti 70 chini ya nje.

Msukumo, yaani ishara ya neva, unaanzaje?

Tuseme umejikwaa. Utando wa ncha ya neva kidoleni unavutwa, chaji chache zinaingia, na hasi 70 inapanda hadi karibu hasi 55. Hapo milango ya sodiamu iliyo kwenye utando inafunguka kwa ghafla. Sodiamu inamiminika, ndani panageuka kuwa chanya, kisha ndani ya milisekunde 1 hivi milango inajifunga na potasiamu inatoka kusawazisha mambo. Lakini sehemu jirani ya utando imeshashtuka: milango yake nayo inafunguka, halafu ya sehemu inayofuata. Iliyotoka kujifunga haifunguki tena papo hapo, kwa hiyo ishara hairudi ilikotoka.

Msukumo hauna nusu. Ama upo, ama haupo. Kidole kikiuma zaidi, misukumo inaongezeka idadi, si ukubwa.

Na yale maumivu mawili?

Ni neva za aina mbili. Zenye ala nyembamba ya mafuta iitwayo mayelini hupeleka ishara kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, kwa sababu msukumo unaruka kutoka pengo hadi pengo la ala hiyo. Hizo ndizo zinazokufanya ugune. Zisizo na ala hujikokota kama mita 1 kwa sekunde, na kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni karibu mita nzima. Ndiyo maana unapata nafasi ya kusema “aa, si kitu”, kisha lile la pili, zito, la kuunguza, linawasili.

Sindano ya ganzi inafanya nini hapo?

Dawa kama lignokeini huziba milango ya sodiamu. Jino linang’olewa, ncha za neva zinavurugwa kama kawaida, ila ishara inaishia pale palipochomwa sindano.